Mchungwa una majani tele lakini hauzai: anza na shina, mbolea baadaye

Mkuu, umesema mchungwa uliununua kitaluni ukiwa umebebeshwa (umeunganishwa juu ya mzizi wa mti mwingine), sasa una miaka mitano, umejaa majani na miiba mirefu, na maua machache unayoyaona yanapukutika. Kabla hujaenda duka la pembejeo, inama uangalie shina.

Sentimita 15 hadi 30 kutoka ardhini kuna kovu au kinundu. Hapo ndipo mchungwa ulipobebeshwa juu ya mlimao. Tawi lolote lililotokea chini ya kovu ni mlimao: linakwenda juu haraka, lina miiba mikubwa, jani lake ukilifikicha linanukia limau, na linaunyang'anya mchungwa chakula mpaka unadhoofu na kufa. Ndiyo maana watu husema machungwa yao "yamegeuka" malimau. Hayakugeuka, walilea mlimao wa chini. Chipukizi likiwa changa ling'oe kwa mkono pamoja na kitako chake. Ukilifyeka kwa panga, macho yaliyobaki yatatoa mengine matatu. Likishakomaa, likate kwa msumeno sawasawa na shina.

Kama kovu halipo kabisa, uliuziwa mche wa mbegu. Huo hauumwi, unachelewa tu. Miaka saba, minane au zaidi ni kawaida yake.

Ukikuta juu ni mchungwa mtupu, basi tafuta kosa kwenye nitrojeni (kirutubisho kinachokuza majani) na maji. Urea na mbolea ya kuku za mara kwa mara zinazaa majani. Acha. Umri huo unatosha nusu kilo ya mbolea ya NPK 17:17:17 (nitrojeni, fosforasi na potasiamu kwa kiasi sawa) mwanzo wa masika, nusu nyingine vuli, na debe mbili za samadi iliyooza kwa mwaka. Zungushia usawa wa ncha za matawi, maana mizizi inayokula iko huko. Ukirundika shinani unaunguza gome. Hata matandazo yaache shubiri moja kutoka shinani, la sivyo gome litaoza na kutoa gundi.

Maji ndipo wengi wanapokosea kwa huruma. Huku pwani, ukavu wa Januari na Februari ndio unaouandaa mti. Mvua ya masika ikipiga, maua yanatoka. Ukimwagilia kila jioni kiangazi kizima, mti haupati sababu ya kuchanua. Ila maua yakishatoka, udongo usikauke tena: ndoo tatu au nne za lita 20 kwa wiki, na kwenye kichanga zigawe mara mbili. Ukisahau wiki tatu halafu ukafurika siku moja, vitunda vya ukubwa wa gololi vinadondoka na vilivyokwisha kua vinapasuka.

Kupukutika kwa maua kwenyewe kusikutishe. Katika maua mia, mti ukishika matatu umejitahidi.