Mwanya Kati ya Miti

Mhariri, wiki hii mmetuuliza kama sanaa yaweza kumfanya mtu ajione yuko kwao ndani ya msitu. Yaweza. Nasema hivyo baada ya miaka mitatu ya kuchora msitu ambao mwanzoni ulinitia woga.

Woga wenyewe haukuwa wa wanyama. Ni kule kufanana kwa kila kitu: shina baada ya shina, kijani juu ya kijani, nami sijui nilikotokea. Siku za kwanza nilitaka kuuchora msitu wote, haukuenea kwenye karatasi. Ndipo nikachagua mti mmoja wenye kovu la tawi lililokatika, na badala ya shina lake nikachora mianya iliyo kati yake na majirani zake. Kivuli huhama, nusu saa tu, si kile ulichoanza nacho. Mwanya hubaki na umbo lake. Mara ya tisa niliutambua kwa mbali, kabla sijauona mti wenyewe, moyo ukatulia kama wa mtu aliyeona paa la kwao.

Ndiyo maana nampenda mno mchoraji Emily Carr wa Kanada. Alizaliwa 1871 katika mji wa Victoria, karibu na misitu ile mikubwa ya pwani ya magharibi, lakini alikuwa amepita miaka 50 alipoifanya kuwa kiini cha kazi yake. Mwaka 1933 alinunua karavani kuukuu, akawa anakaa humo msituni majira ya kiangazi. Rangi ya mafuta aliizimua kwa petroli, akapaka kwenye karatasi rahisi ya manila, brashi ikakimbia kasi ya upepo. Miti yake inapumua. Mrusi Ivan Shishkin alichora misonobari kwa uangalifu wa ajabu, nami namheshimu, ila mbele ya picha zake najiona mgeni aliyeketishwa sebuleni. Kwa Carr naingia hadi jikoni.

Na aliye kwao hutetea kwao. Huko Ufaransa, wachoraji wa kijiji cha Barbizon, Théodore Rousseau akiwa mstari wa mbele, walikuwa wameichora mialoni ya msitu wa Fontainebleau mmoja mmoja. Ilipokatwa, hawakuona kuni. Waliona waliowajua wakiondoka, wakapeleka malalamiko serikalini. Mwaka 1861 ikatoka amri ya kutenga zaidi ya hekta 1,000 za msitu huo kwa ajili ya sanaa, miaka 11 kabla ya Marekani kutenga hifadhi ya taifa ya Yellowstone.

Mti wangu hauna amri ya kuulinda. Mwezi uliopita, baada ya dhoruba, nilikwenda na karatasi zangu, na nikiwa bado mbali nikajua kuna tawi jingine limeanguka. Mwanya ulikuwa umepanuka upande wa kushoto. Nikakaa, nikauchora upya.