Pango limeruka kutoka 300,000 hadi 400,000: nifanye nini?

SWALI: Habari wakili. Napanga chumba na sebule Kireka, karibu na Kampala, Uganda, kwa shilingi 300,000 kwa mwezi. Mwenye nyumba ameniambia kuanzia mwezi ujao nilipe 400,000 kwa sababu URA, mamlaka ya mapato, inamtoza kodi. Nisipoweza, nitoke mwisho wa mwezi, la sivyo atatia kufuli mlangoni. Hatujaandikiana chochote. Mimi ni mshonaji, napata kama 900,000 kwa mwezi. – Mpangaji, Kireka

JIBU: Dada yangu, usitoe hata sufuria. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inakataza kumfukuza mpangaji bila amri ya mahakama. Akikufungia, nenda siku hiyo hiyo kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, kisha polisi.

Sheria hiyo hiyo imeweka kikomo: pango la nyumba ya kuishi lisipande zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka. Kwako hiyo ni 30,000, yaani 330,000 na si zaidi. Anachodai ni asilimia 33.

Kutoandikiana hakukuondolei haki, maana makubaliano ya mdomo yanatambuliwa. Yale yenye thamani ya 500,000 au zaidi ndiyo yanayotakiwa kuwa kwa maandishi. Hata hivyo kusanya ushahidi leo: risiti zote, na jumbe za simu za kila malipo uliyotuma.

Kuhusu URA, tupige hesabu. Mtu binafsi hulipa asilimia 12 ya pango analopokea kwa mwaka, baada ya kuondoa 2,820,000 za kwanza. Tuseme ana vyumba kumi kama chako. Anapokea 36,000,000, anatozwa kwa 33,180,000, kodi yake ni 3,981,600. Gawa kwa vyumba kumi na miezi kumi na miwili: 33,180 kwa chumba. Kwa hiyo hata angekubebesha kodi yote wewe mpangaji, haifiki 100,000. Akiwa na vyumba vichache, inapungua zaidi. Mwonyeshe hesabu hiyo kwa upole. Wenye nyumba wengi hawajawahi kuipiga.

Sasa jambo linalonisumbua katika kesi kama yako. Kikomo kinakulinda ukiwa ndani, lakini upangaji wa mwezi kwa mwezi unaweza kuvunjwa kwa notisi ya siku 30. Ukishinda kwa ugomvi, notisi inaweza kufuata. Na kuhama ni ghali: mara nyingi miezi mitatu ya mbele, 900,000 kwa chumba cha bei ile ile, tena dalali anataka chake na gari la kubeba vitu linataka lake. Kubaki kwa 330,000 kunakuongezea gharama ya 360,000 tu kwa mwaka mzima. Kwa hiyo mimi ningebaki.

Ila nisikufiche: kipimo kinachotumika sana ni pango lisizidi asilimia 30 ya pato. Kwako hiyo ni 270,000, na hapo umeme wa Yaka (wa kulipia kabla), maji na nauli havijaguswa. Ukiona 330,000 inakula ada za watoto, anza kutafuta mapema, ukiwa bado na mahali pa kulala, si siku ya notisi.

Wiki hii mpelekee pendekezo la maandishi: 330,000, bila nyongeza nyingine kwa miezi 12, notisi ya miezi miwili kwa kila upande. Mwenyekiti wa LC1 awe shahidi, na nakala moja ibaki kwako.