Ukihamia Botswana, usiiache salamu yako Tunduma

Wiki yangu ya kwanza Gaborone niliingia duka la dawa, nikamwambia dada wa kaunta kwa Kiingereza kwamba naomba dawa ya mafua. Akanitazama tu. Kisha, taratibu, kwa Kitswana, lugha yao: "Dumela, rra," yaani hujambo, bwana. Nikaitikia haraka, nikarudia shida yangu. Naye hana haraka: "Le kae?" Mimi mtoto wa Tanga, niliyefunzwa shikamoo kabla ya a-e-i-o-u, nafundwa adabu mbele ya foleni!

Ndilo kosa letu tukifika huko. Tukianza kusema Kiingereza tunaona salamu haituhusu tena. Inatuhusu, tena sana.

"Le kae?" neno kwa neno ni "mko wapi?" na jibu lake ni "Re teng", tupo. Aliyezoea kuulizwa "upo?" akajibu "nipo" hahitaji mwalimu. Na nilikuwa peke yangu, ila aliniuliza kwa wingi kwa sababu wingi ndio heshima yao. Shikamoo hawana, mzee unamwambia "Dumelang", wingi wa Dumela. Mwanamke ni mma, mwanamume ni rra, awe waziri au mlinzi wa getini. Ukitega sikio utakuta maneno mengi ndugu na ya Kiswahili humo: batho ni watu, nama ni nyama, metsi ni maji. Hata hela yao, pula, ni mvua. Wanaitumia tangu 1976 walipoachana na randi. Ukiitoa au ukipokea chenji, tumia mkono wa kulia, wa kushoto ukigusa kiwiko.

Usimuulize mtu ana ng'ombe wangapi. Ni sawa na kumuuliza salio lake la benki.

Sasa misiba, maana huko ndiko nilikoumbuka. Jirani yangu alifiwa na mama yake, mazishi yakawa Mochudi, Jumamosi. Nikapiga hesabu za kwetu: watu wanakusanyika mchana, tunazika alasiri. Nikafika saa 4 asubuhi, najiona nimewahi. Nikawakuta wamesharudi makaburini, wamekaa na sahani zao. Kumbe ibada huanza kungali giza, na jua likichomoza mnaelekea kuzika. Na mimi huyo, shati la mikono mifupi. Mzee mmoja aliliangalia shati, akaangalia saa yake, akaendelea kula.

Kwa hiyo mwanamume vaa koti, hata jua liwe la kutoa jasho. Mwanamke avae sketi ndefu, kitambaa kichwani na shali mabegani. Suruali aiache nyumbani. Ukiitwa kgotla, kwenye baraza la chifu, vaa hivyo hivyo. Na msibani usisubiri Jumamosi ya mazishi. Wiki nzima kuna sala za jioni kwa wafiwa, na kwa nilivyoona, jioni moja ya kukaa nao pale inakumbukwa kuliko bahasha ya rambirambi.

Chakula cha msibani ni seswaa. Wanaume ndio wapishi: nyama ya ng'ombe inachemshwa kwenye vyungu vya chuma vya miguu mitatu, chumvi tu, halafu inapondwa mpaka inakuwa nyuzinyuzi. Kitunguu hakuna, nyanya hakuna, pilipili ndiyo usiitaje. Siku ile nilizungusha macho kutafuta kachumbari. Siku hizi nikikaa miezi miwili bila seswaa naitamani.

Jirani hakuninunia. Jumatatu alinigongea mlango, akacheka kwanza, kisha akanipa somo: ukisikia msiba kijijini, nenda Ijumaa jioni, kesha na watu, asubuhi huwezi kuchelewa. Nimefanya hivyo mara kadhaa tangu hapo. Ikiwa ni Juni au Julai beba blanketi na soksi nzito, maana mkesha wenyewe mnakaa nje mmezunguka moto, na baridi ya huko ikikupata mgongoni, moto wa mbele haukusaidii.