Jibu: Taa ya koaksia haiwaki, anza na dishi

Habari za leo, ndugu. Umesema adapta zako mbili za MoCA (vifaa vya kupitisha intaneti kwenye waya wa koaksia, ule wa TV), moja chini kwenye ruta na nyingine ghorofani, taa ya koaksia haiwaki, na umetumia waya uleule wa king'amuzi. Je, dishi bado limeungwa humo? Anzia hapo. MoCA hupita kati ya megahezi 1125 na 1675, na mawimbi ya dishi hushuka kwa megahezi 950 hadi 2150, kwa hiyo yanagongana. Tena king'amuzi hupandisha volti 13 au 18 kwenda dishini, na umeme huo unaweza kuharibu adapta. Mimi hapa Raskazone, Tanga, niliachia intaneti waya wake peke yake.

Kisha zilete adapta zote mezani, uziunge kwa kipande kifupi cha waya. Zikiwaka, ni nzima. Tatizo liko ukutani.

Hapo fungua vichwa vya waya kimoja kimoja. Hewa yetu ya chumvi haina huruma: changu cha upande wa baharini kilijaa unga wa kijani, na uzi wa shaba wa katikati ulikatika nilipougusa tu. Kata nyuma mpaka uone shaba inayong'aa, ufunge kichwa kipya cha kubanwa kwa koleo. Vile vya kusokota kwa mkono hulegea, usivinunue.

Spilita (kigawanyaji cha waya) iliyoandikwa megahezi 5–1000 itoe, tafuta inayofika 1675. Ukishajaribu pale mezani, tuambie taa zimefanyaje.