Meza Imevizidi Viti Kimo? Usivitupe

Wiki hii msomaji mmoja ameniandikia. Amepata meza nzuri ya kulia chakula, lakini akiketi sahani inamfika kifuani, na fundi aliyemwita amemwambia dawa ni kununua viti vipya. Ananiuliza kama kweli hakuna njia nyingine. Ipo, dada yangu. Nimeipita mwenyewe, viti vyangu vyote vimesimama imara mpaka leo, na ninaandika haya kwa fahari kwa sababu hata mimi niliambiwa haiwezekani.

Meza yangu ina ubao mnene wa mti mgumu juu ya miguu ya chuma, na kutoka sakafuni hadi juu ni sentimita 80. Meza nyingi za kulia huwa kati ya sentimita 71 na 76, na viti vyake huwa na kikalio (sehemu ya kukalia) kilicho sentimita 43 hadi 48 kutoka sakafuni, ili kati ya kikalio na uso wa meza ibaki nafasi ya sentimita 25 hadi 30. Viti vyangu vilikuwa na 45. Toa mwenyewe: zinabaki 35. Sentimita tano za ziada huonekana ndogo zikiwa kwenye karatasi, lakini mwili huzihisi kabla hujamaliza kula. Mabega yanapanda, viwiko vinatanuka kama mbawa za kuku anayetaka kuruka, na watoto wanaishia kula wakiwa wamepiga magoti kitini.

Kilichoniuma zaidi hakikuwa mabega. Siku moja tulikuwa na wageni, na ndugu yangu wa karibu akasema mbele ya wote, "Meza ya wakubwa, viti vya chekechea." Watu walicheka sana. Nilinyamaza, nikaendelea kupakua chakula, lakini maneno yale sijayasahau. Baadaye nikamwita fundi. Alivitazama viti akiwa amesimama mlangoni, hakutoa hata futi ya kupimia, akasema kiti hakirefushwi, nunua vingine. Viti vya mbao ngumu, vilivyotumika miaka mingi bila kiungo hata kimoja kucheza! Mtu anayekuhukumia mali yako bila kuipima hajakupa ushauri. Amekupa uvivu wake.

Basi nikaanza na kile alichokikwepa, yaani kupima. Na hapa nisikilize vizuri: usipime kiti peke yake, mpime mtu aliyekikalia. Mwambie aketi kama anavyokula, mabega yamelegea, mikono imeshuka, kisha akunje viwiko. Pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko. Uso wa meza unatakiwa uwe usawa huo au juu yake kidogo tu. Tofauti utakayoipata ndiyo kiasi cha kukiinua kiti. Kama meza yako ina fremu ya mbao chini ya ubao, pima pia nafasi ya mapaja, kwa sababu kiti kikipanda mapaja nayo hupanda. Ikibaki chini ya sentimita 18 hivi kutoka kwenye kikalio hadi kwenye fremu, mtu mnene atabanwa. Na viti vyenye mikono vipimwe mikono yake, isije ikagonga meza na kiti kikashindwa kuingia.

Watu wengi watakwambia weka mito. Kwa sentimita mbili, sawa, weka. Zaidi ya hapo mto unadanganya: sponji laini ya sentimita tano hubonyea mtu akikaa, na urefu uliodhani umeupata unayeyuka. Halafu egemeo halikupanda pamoja na wewe, kwa hiyo mgongo unaegemea mahali pasipo pake. Ukitaka kupita njia hiyo, tafuta sponji ngumu, uikate kwa umbo la kikalio, na uifunge isiteleze.

Njia nyingine ni kupunguza meza, na kusema kweli kwa watu wengi ndiyo rahisi kuliko zote. Meza ina miguu minne, viti sita vina miguu ishirini na minne. Kama miguu ya meza yako ni ya mbao, imenyooka, haina nakshi chini, kata hiyo na uviache viti vyako kwa amani. Yangu ilikuwa ya chuma, imeunganishwa chini kwa pao linalolala sakafuni, kwa hiyo mlango huo ulikuwa umefungwa.

Nikarefusha miguu ya viti. Nilitafuta mbao ngumu inayokaribiana na ya viti kwa uzito na rangi, nikakata vipande vya sentimita tano. Nyuzi za mbao lazima zisimame kama zinavyosimama kwenye mguu. Kipande ambacho nyuzi zake zimelala kitapasuka siku moja mtu atakapokikalia kwa kishindo. Tatizo ni kwamba ncha ya mbao ikiungwa na ncha ya mbao, gundi peke yake haishiki vizuri, maana ncha hunyonya gundi na nyuzi hazikutani ubavu kwa ubavu. Ndiyo maana ndani ya kila mguu niliingiza kijiti cha mviringo cha mbao ngumu chenye unene wa milimita 10, kikazama sentimita nne ndani ya mguu na kupenya hadi ndani ya kipande. Kijiti ndicho kinachobeba kazi, gundi inakisaidia tu.

Ili matundu yakutane kuna mbinu ninayoipenda sana. Piga mistari miwili ya pembe kwa pembe chini ya mguu, pale inapokutana pigilia msumari mwembamba, ukate kichwa chake ubaki umechomoza kidogo, kisha ubonyeze kipande juu yake. Alama inabaki hapo hapo unapotaka kutoboa. Ng'oa msumari, toboa pande zote mbili.

Sasa, miguu ya viti vingi haisimami wima, hasa ya nyuma. Imelala kidogo kwenda nje, na chini imekatwa kufuata sakafu. Drili ifuate mwelekeo wa mguu, isifuate uso uliokatwa, la sivyo tundu litatokea ubavuni. Kipande nacho kiendelee na mwinamo ule ule. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na hapa ndipo panapohitaji utulivu wako wote: chora mstari ubavuni mwa mguu, uwe na mtu wa kukutazamia drili upande wa pili, nenda polepole.

Gundi ikikauka, weka kiti juu ya sehemu uliyoihakikisha kwa pimamaji kuwa sawa. Kama kinayumba, ingiza karatasi ngumu chini ya mguu uliopanda ujue pengo ni kiasi gani, kisha sugua kwa msasa miguu mingine kidogo kidogo. Msumeno uuache. Kupiga rangi na vanishi hakuna la kueleza.

Ninachotaka kukisisitiza kwako ni kwamba usikubali kutishwa. Tumezoea mtu akisema "kitupe" tunatupa, akisema "hakifai" tunaona aibu kukitetea. Kitu kizuri kilichokosa kimo kidogo hakijakosa thamani, na mwenye nyumba ana haki ya kukitetea hata mbele ya anayejiita mtaalamu. Pima, uliza, pima tena. Ndugu yangu yule amekuja tena, akakaa, akala, hakusema neno. Nilitamani aseme.

Lakini ujasiri usivuke mpaka. Kwa miguu ya kuunga, mimi sivuki sentimita tano. Kiti kikipanda zaidi kinakuwa rahisi kupinduka, na kiungo cha mguu wa nyuma hubeba nguvu kubwa kila mtu anapojiegemeza nyuma akaacha miguu miwili ya mbele hewani. Nyumbani kwangu hilo limekatazwa, kwa wakubwa na wadogo. Vile vile usiweke matofali au vipande visivyofungwa chini ya kiti. Kiti huvutwa na kusukumwa kila mlo, si kama kitanda kinachokaa mahali pamoja. Na kwa wafupi ambao nyayo zao sasa hazigusi sakafu, kigoda kidogo cha kuwekea miguu chini ya meza kinatosha, maana miguu ikining'inia muda mrefu mapaja hufa ganzi.

Kwako dada uliyeniandikia: hukunitajia miguu ya meza yako ni ya aina gani. Nitumie hilo, pamoja na urefu wa meza, wa kikalio, na wa kiwiko chako ukiwa umeketi. Kama ni ya mbao na imenyooka, tutaanzia kwenye meza kabla ya kugusa kiti hata kimoja.