Jahazi lakataa shehena

SWALI: Nimeunda klasi (kiolezo cha kuundia vitu) ya Jahazi kwa Python, lugha ya kuandikia programu. Methodi yake (kazi iliyo ndani ya klasi), pakia, inapokea magunia tu. Nikiandika jahazi.pakia(20) naambiwa nimetoa hoja (thamani zinazopewa methodi) mbili badala ya moja. Ya pili imetoka wapi?
Msomaji, Shela, Lamu

JIBU: Iliyozidi ni jahazi lenyewe. Python hulitanguliza kimyakimya, kwa hiyo 20 yako imekuwa ya pili. Kwenye mstari wa def, unaoanzisha methodi, andika self (jina la jahazi lenyewe ndani ya methodi), mkato, kisha magunia. Unapoita, usibadili kitu.

Kosa linalofuata ni baya zaidi, maana halitoi onyo lolote: shehena = magunia huunda kigeu cha ndani (jina la muda la kuhifadhia thamani) kinachopotea methodi ikiisha. Andika self.shehena += magunia, na uanzishe self.shehena = 0 ndani ya __init__ (mistari miwili ya chini kila upande, si mmoja), methodi inayoendeshwa jahazi linapoundwa.