Maswali yenu: Asilimia 20 ya kura, miaka 19 madarakani

Nasikia Joh Bjelke-Petersen aliongoza jimbo la Queensland, Australia, kwa miaka 19, na kuna uchaguzi ambao chama chake kilipata asilimia 20 tu ya kura. Aliiba? — Msomaji, Tanga

Kura hazikuibwa. Mchezo ulichezwa kwenye mipaka, kabla ya mtu yeyote kushika karatasi ya kura. (Hapa "jimbo" ni Queensland nzima, eneo la mbunge mmoja tutaliita kiti, tusije tukachanganyana.)

Uchaguzi unaousema ni wa 1972. Bunge lilikuwa na viti 82. Chama cha Labor, wapinzani wa Joh, walipata karibu asilimia 47 ya kura na viti 33. Country Party, chama cha Joh, asilimia 20 na viti 26. Washirika wake wa Liberal, asilimia 22 na viti 21. Jumlisha mseto: asilimia 42 ya kura, viti 47. Serikali hiyo.

Jimbo lilikatwa kanda nne, na kila kanda ikapewa idadi yake ya viti bila kujali wingi wa watu. Kiti cha mjini Brisbane kilibeba wapiga kura wengi kuliko kiti cha nyika za magharibi, kwenye mashamba makubwa ya kondoo na ng'ombe. Kwa hiyo kura ya mfugaji ilikuwa na uzito kuliko ya karani wa mjini.

Aliyeanzisha kanda hizo si Joh. Ni Labor wenyewe, mwaka 1949, chini ya Ned Hanlon, wakati ambapo wakata manyoya ya kondoo, wachimba madini na wafanyakazi wa reli huko bara walikuwa watu wao. Mwaka 1957 Labor ikapasuka, wapinzani wakaingia, na Joh alipofika akakuta kisu kimeshanolewa. Mwaka 1971 akakinoa zaidi. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Mambo mawili watu husahau. Kwanza, Country Party haikusimamisha wagombea kila mahali, kwa hiyo ile asilimia 20 inaonekana ndogo kuliko nguvu yake halisi. Pili, Queensland mpiga kura huandika 1, 2, 3 kwa mpangilio anaoutaka. Asipopatikana mwenye zaidi ya nusu, wa mwisho anaondolewa na karatasi zake zinahamia kwa chaguo linalofuata. Mwaka 1972 chama kidogo cha DLP (Democratic Labor Party) kilikuwa na karibu asilimia 8, na kura zake nyingi ziliishia kwa mseto.

Na hakukuwa na wa kumzuia bungeni: jimbo hilo lilifuta bunge lake la juu mwaka 1922.

Jina hilo linatamkwaje, na ni mtu wa wapi? — Msomaji, Zanzibar

Sema "Byelki-Pitasen". Wazazi wake walikuwa Wadenmaki. Yeye alizaliwa Dannevirke, New Zealand, mwaka 1911, akahamishiwa Kingaroy, Queensland, angali mtoto. Polio ilimwacha akichechemea maisha yake yote. Shule aliiacha akiwa na miaka 14, akalima karanga, kisha akapata pesa kwa kufyeka pori: mnyororo mzito wa nanga ya meli unafungwa kati ya matingatinga mawili, yanatembea sambamba, miti inang'oka katikati. Aliingia bungeni 1947 na kuwa waziri mkuu wa jimbo Agosti 1968.

Kwetu gavana anachaguliwa na ndiye mwenye kaunti. Queensland ilikuwa na gavana pia. Mbona hakumwondoa Joh? — Msomaji, Nakuru

Gavana wa kule hachaguliwi. Anamwakilisha Malkia au Mfalme, na kwa kawaida hufuata ushauri wa waziri mkuu. Lakini Novemba 1987 ushauri huo ulimkwama kooni.

Mei mwaka huo, baada ya habari za polisi kupokea mlungula wa madanguro na kamari, naibu wa Joh, Bill Gunn, aliunda tume ya uchunguzi chini ya Tony Fitzgerald. Joh alikuwa kwenye mbio za kutaka uongozi wa taifa zima. Mbio zilipovunjika, tume ilikuwa imeshakolea. Mkuu wa polisi, Terry Lewis, ambaye mwaka 1976 alirushwa juu kutoka cheo cha mkaguzi wa polisi katika mji wa mbali wa Charleville, baadaye alihukumiwa kifungo cha miaka 14.

Joh akataka kuvunja baraza zima la mawaziri aliunde upya bila wabishi. Gavana Walter Campbell hakukubali. Joh akafukuza mawaziri watatu. Tarehe 26 Novemba wabunge wa chama chake wakamchagua Mike Ahern, mmoja wa waliofukuzwa, kuwa kiongozi. Joh akagoma kujiuzulu. Gavana naye hakumtimua: kwa maoni yake, anayepaswa kupima nani ana wabunge wa kutosha ni Bunge. Bila wabunge, Joh aliondoka tarehe 1 Desemba. Mwaka 1991 alishtakiwa kwa kusema uongo mbele ya tume. Jopo la raia lilishindwa kukubaliana, kiongozi wake akiwa mwanachama wa tawi la vijana la chama cha Joh, na kesi haikurudiwa kwa sababu ya umri wake. Alifariki 2005.

Kanda hizo bado zipo? — Msomaji, Tanga

Hapana. Labor walirudi mwisho wa 1989, na uchaguzi wa 1992 ulifanyika kwa mipaka mipya. Sasa kila kiti lazima kiwe ndani ya asilimia 10 ya wastani wa wapiga kura. Kiti kinachozidi kilomita za mraba 100,000 huongezewa "wapiga kura wa hesabu" sawa na asilimia 2 ya eneo lake. Chenye kilomita za mraba 200,000, kwa mfano, kinahesabiwa wapiga kura 4,000 wasio na sura wala jina, na hapo ndipo upendeleo wa nyika ulipobaki.